Kati ya Ndiyo na Hapana: Shule Ipi Ianze Masomo ya Mtandaoni?

*Hii ni hotuba iliyotolewa na mhadhiri wa hisabati na kompyuta mbele ya Waheshimiwa Madiwani, Wakuu wa Shule na Maafisa Elimu Kata katika ukumbi wa Halmashauri. Inachapishwa kwa faida ya wananchi ambao hawakuweza kuhudhuria.*



Nimeombwa nieleze utafiti ninaoufanya juu ya namna ya kufikia uamuzi pale ambapo mambo hayako wazi, na uhusiano wake na ujifunzaji wa mtandaoni. Nitaueleza kwa kuuelekeza kwenye swali ambalo tayari liko mezani kwenu: fedha zilizopo hazitoshi kuziunganisha shule zetu zote za sekondari na masomo ya mtandaoni kwa wakati mmoja. Je, tuanze na zipi, na wale watakaosubiri tuwape sababu gani?

Mpaka uliochorwa kwa wembe

Katika kazi zetu za ofisi tumezoea mipaka mikali. Mtahiniwa wa kidato cha nne anayepata alama 44 katika somo hupewa daraja D. Mwenzake mwenye 45 hupewa C, na mwenye 64 naye hupewa C ileile. Alama moja imewatenganisha wawili wanaolingana karibu kwa kila kitu, na alama kumi na tisa zimewaunganisha wawili wanaotofautiana sana. Mtihani wa taifa hauna budi kuweka mpaka mahali fulani. Lakini mpaka huo huo tukiuhamishia kwenye fomu za kugawa huduma, huleta madhara. Fomu huuliza: “Je, shule ina umeme? Ndiyo au Hapana.” Shule yenye umeme unaokatika kila adhuhuri hujaza Ndiyo, sawasawa na shule ya mjini ambayo taa zake hazizimiki. Shule yenye paneli moja ya sola inayowasha taa ya ofisi, nayo haijui ijaze nini.

Wananchi wetu hawasemi hivyo. Katika mkutano wa kijiji utasikia: “Maji yapo, ila mbali kidogo”, “Mtandao unashika, lakini ukipanda kilimani.” Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, wala hakuna aliyewahi kuuliza ni punje ya ngapi iliyogeuza haba kuwa tele. Lugha yetu inakubali kwamba jambo huweza kuwa kweli kwa kadiri fulani.

Hesabu ya kadiri

Mwaka 1965, Lotfi Zadeh, aliyezaliwa Baku na kufundisha katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha makala iliyoipa hali hiyo hesabu yake. Kwa kawaida, kitu ama kimo ndani ya kundi ama hakimo. Zadeh alipendekeza kwamba kila kitu kipewe namba kati ya sifuri na moja, kuonyesha kimo ndani ya kundi kwa kadiri gani. Kwa Kiingereza elimu hii ilipewa jina lenye maana ya kitu chenye ukungu, kisicho na kingo dhahiri. Mimi nitaiita mantiki ya kadiri.

Naomba tusiichanganye na hesabu ya uwezekano. Ukiniambia kwamba huenda kisima kina maji, unanieleza mashaka yako. Tukifunua kifuniko, mashaka yanakwisha. Ukiniambia kwamba kisima kimejaa nusu, unanieleza hali ya kisima chenyewe, na tukifunua kifuniko nusu inabaki kuwa nusu.

Katika kuitia elimu hii mikono na miguu, mzaliwa wa nchi hii tunayoiita leo Tanzania ana nafasi kubwa. Ebrahim Mamdani, aliyezaliwa mwaka 1942, alikuwa akifundisha uhandisi mjini London wakati yeye na mwanafunzi wake, Sedrak Assilian, walipoiongoza injini ndogo ya mvuke kwa kanuni zilizoandikwa kwa maneno ya kawaida. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1975. Badala ya milinganyo migumu, waliandika maagizo ambayo fundi mzoefu angeyatoa: ikiwa shinikizo liko chini kidogo na linapanda polepole, basi ongeza moto kidogo. Njia hiyo ilienea viwandani, na mwaka 1987 treni za chini ya ardhi za mji wa Sendai, Japani, zilianza kuendeshwa kwa kanuni za namna hiyo.

Kwetu sisi tunaozungumzia huduma, makala iliyo muhimu zaidi ni ile ya Richard Bellman na Zadeh ya mwaka 1970. Wao walisema kwamba lengo na kikwazo vipimwe kwa kipimo kimoja cha kadiri, na kwamba ubora wa kila chaguo uhesabiwe kwa alama yake iliyo ndogo kuliko zote. Chaguo la kufuatwa ni lile ambalo alama yake ndogo ni kubwa kuliko alama ndogo za mengine.

Shule tatu za mfano

Maneno hayo yanaweza kuonekana mazito, basi tuchukue shule tatu nilizozibuni kwa ajili ya mfano. Tuzipe alama kutoka 0 hadi 10 kwa mambo matatu: uhitaji, yaani upungufu wa walimu na vitabu, uhakika wa umeme katika saa za masomo, na nguvu ya mtandao.

Shule ya mjini ina uhitaji 3, umeme 9, mtandao 9. Shule ya bondeni ina 6 katika kila jambo. Shule ya mlimani haina mwalimu wa fizikia wala wa hisabati, lakini mnara wa simu uko jirani. Ina uhitaji 9, umeme 2, mtandao 8.

Tukitumia wastani, kama tulivyozoea, shule ya mjini inapata 7, ya mlimani 6.3 na ya bondeni 6. Kompyuta zinakwenda mjini, kwa wale wanaozihitaji kidogo kuliko wote, na hakuna aliyependelea wala aliyekula rushwa. Wastani wenyewe ndio uliopendelea, kwa kuruhusu wingi wa umeme kufunika uchache wa haja.

Tukitumia njia ya Bellman na Zadeh, alama ndogo ya shule ya mjini ni 3, ya bondeni 6, ya mlimani 2. Bondeni wanatangulia. Je, tumewatendea haki watu wa mlimani? Bado. Lakini sasa tunajua kinachowazuia: ni umeme peke yake. Tukiwawekea sola itakayopandisha alama ya umeme kutoka 2 hadi 7, alama yao ndogo inakuwa 7, nao wanawapita wote. Swali la Halmashauri linabadilika. Tulikuwa tunauliza shule ipi ipewe kompyuta. Sasa tunauliza kama inafaa kununua kompyuta chache zaidi ili fedha zinazobaki zinunue paneli na betri. Swali hilo Idara ya Elimu haiwezi kulijibu peke yake. Italazimika kukaa meza moja na wahandisi na watu wa mipango.

Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo faida kubwa ya njia hii. Shule iliyokosa haipokei jibu la “hamkukidhi vigezo” tu. Inapokea jina la kikwazo chake na kiasi cha kikwazo hicho.

Mwanafunzi mbele ya kioo

Kompyuta zikishafika, uamuzi hauishi. Shule zilipofungwa tarehe 17 Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na wanafunzi wengi wakabaki nyumbani hadi tarehe 29 Juni, kila mzazi alijionea kwamba kusoma mbali na darasa kuna ngazi nyingi. Kuna aliyekuwa na kompyuta, kuna aliyeazima simu ya baba usiku, na kuna aliyetegemea redio ya jirani. Kumwita mmoja “aliyesoma” na mwingine “asiyesoma” kungekuwa kuficha nusu ya habari.

Programu za kujifunzia zinazotumia mantiki ya kadiri hujaribu kumsoma mwanafunzi kama mwalimu mzuri afanyavyo. Kanuni moja inaweza kusema: ikiwa majibu sahihi ni mengi, lakini muda aliotumia ni mrefu, basi apewe mazoezi zaidi ya mada ileile kabla ya kusonga mbele. Ni kanuni ya busara, ila ina mtego. Mtoto wa mlimani anaweza kuchukua dakika ishirini kujibu swali moja kwa sababu mtandao umekatika mara tatu. Programu itadhani hajaelewa, itamrudisha nyuma, naye atakata tamaa katika somo analolijua. Kwa hiyo tunaponunua programu, tuulize kama inatofautisha uzito wa mtandao na uzito wa akili, na kama mwalimu anaruhusiwa kutengua uamuzi wake. Programu isiyomruhusu mwalimu kufanya hivyo haifai kwa shule zetu.

Nani anayeweka alama?

Sitaki niondoke hapa nikiwa nimewauzia namba kana kwamba ni dawa. Alama 9 ya uhitaji imewekwa na mtu, na mtu huyo anaweza kuwa na shule ya nyumbani kwao. Hesabu haiondoi upendeleo. Inachoweza kufanya ni kuuweka mahali ambapo wengine watauona, endapo tutakubali uonekane. Tena, njia ya alama ndogo ni kali kwa wanyonge. Ikiachwa peke yake, aliye chini kabisa katika jambo moja atabaki chini kila mwaka. Ndiyo maana haifai kutumika bila fungu la fedha la kuinua alama hizo ndogo.

Kwa hiyo naomba kupendekeza mambo manne. Kwanza, maana ya kila neno na kipimo chake viandikwe kabla maombi ya shule hayajapokelewa: umeme wa “uhakika” ni wa saa ngapi, na walimu “wachache” ni wangapi kwa wanafunzi wangapi. Pili, alama za kila shule zibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata na vijiji, na wananchi wapewe siku za kuzipinga. Tatu, kila shule iliyokosa ipewe barua inayotaja alama yake ndogo kuliko zote, pamoja na hatua itakayochukuliwa. Nne, alama zipitiwe upya kila mwaka kabla ya kuandaa bajeti, kwa maana mwalimu huhama na mnara wa simu hujengwa.

Waheshimiwa Madiwani, uamuzi utabaki kuwa wenu, kama sheria inavyotaka na kama wapiga kura wanavyotarajia. Mzazi wa mlimani atakapowauliza kwa nini mtoto wake bado anasubiri, ana haki ya kujibiwa kwa neno lililo kamili kuliko Hapana. Mkiweza kumwambia kinachokosekana, ni kiasi gani, na kitapatikana mwaka gani wa fedha, mtakuwa mmemhudumia hata kabla kompyuta ya kwanza haijafika shuleni kwake.