Amana ya mteja mbele ya afisa wa mpakani

Wasikilizaji, wahenga walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Hapo zamani siri ya mteja ilikaa kifuani mwa wakili, daktari au mhasibu, na mwenye kuitaka hakuwa na njia ila kumhoji aliyeihifadhi. Leo hii siri hiyo imo ndani ya simu na kompyuta ya mpakato, nayo husafiri pamoja na mchukuzi wake hadi mbele ya afisa wa mpakani.

Birmingham, mji ulioko katikati ya Uingereza, una sababu ya kulizingatia jambo hili. Ni mmojawapo wa miji ambako rufaa za waomba hifadhi husikilizwa. Hapo ndipo yalipo pia makao ya Solicitors Regulation Authority, taasisi inayosimamia mienendo ya mawakili wa England na Wales. Na katika uwanja wake wa ndege hushuka abiria wengi wa Afrika Mashariki waliopitia Dubai. Miongoni mwao huenda akawamo wakili aliyekwenda kukusanya ushahidi wa mteja aliyekimbia mateso: majina ya mashahidi, picha za makovu, na mahali wanapoishi ndugu waliobaki nyumbani. Habari hizo zikiangukia mikono isiyostahili, wa kwanza kudhurika ni watu ambao hata hawakusafiri.

Sheria inasemaje? Jedwali la 7 la Sheria ya Ugaidi ya mwaka 2000 linampa afisa wa bandarini au wa uwanja wa ndege uwezo wa kumsimamisha msafiri ili kubaini iwapo anahusika na ugaidi, hata pasipo kumshuku kwa lolote. Msafiri anaweza kuzuiliwa kwa muda usiozidi saa 6. Kabla ya marekebisho ya mwaka 2014 zilikuwa saa 9. Vifaa vyake vinaweza kuchukuliwa kwa siku 7 na yaliyomo kunakiliwa. Asiyetii kwa makusudi anaweza kufungwa miezi 3, kutozwa faini, au vyote viwili.

Uzito wa sheria hiyo ulidhihirika mwezi Novemba mwaka 2016, aliposimamishwa Muhammad Rabbani, mkurugenzi wa kimataifa wa shirika la CAGE, katika uwanja wa Heathrow mjini London akitokea Qatar. Alikataa kutaja maneno ya siri ya simu na kompyuta yake. Utetezi wake ulikuwa kwamba ndani yake mlikuwa na maelezo ya siri ya mtu aliyesema kuwa aliteswa. Septemba mwaka 2017 mahakama ya Westminster ilimtia hatiani, ikamwachia kwa masharti ya miezi 12 na kumwamuru alipe gharama za pauni 620. Rufaa yake ilitupiliwa mbali na Mahakama Kuu mwezi Mei mwaka 2018.

Hata hivyo, uwezo wa maafisa una mipaka. Januari mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliamua, katika kesi ya David Miranda aliyezuiliwa Heathrow mwaka 2013, kwamba Jedwali hilo halikuwa na kinga ya kutosha kwa kazi za wanahabari. Kwa upande wa mawakili, mwongozo wa maafisa uliotolewa mwaka 2015 uliwataka waache kusoma, na wasinakili, yale ambayo wana sababu ya kuamini kuwa ni mawasiliano ya wakili na mteja wake. Lakini afisa atajuaje asipoambiwa? Na je, atatambua kabla hajaona?

Kwa hiyo kinga iliyo imara huanzia ofisini, kabla ya safari. Jalada lisilohitajika njiani na libaki nyuma. Anayeweza na asafiri na kifaa kingine kisicho na habari za wateja, baada ya kufunga akaunti za barua pepe na za hifadhi ya mtandaoni. Kusimba data, yaani kuzigeuza kuwa fumbo, ni ngao nzuri dhidi ya mwizi, ila haimfai sana msafiri anayelazimishwa na sheria kutaja neno la siri. Na asije mtu akaanza kufuta mafaili akiwa kwenye foleni. Huenda tendo hilo likafasiriwa kuwa ni kuzuia ukaguzi kwa makusudi, nalo ni kosa.

Akisimamishwa, aseme mapema na kwa upole kwamba kifaa kina mawasiliano ya wakili na mteja. Akizuiliwa, aombe kuonana na wakili wake mwenyewe. Aandike kilichochukuliwa na saa kilipochukuliwa, kisha amweleze mteja bila kuficha.

Wajibu huu hauishii Uingereza. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda data mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Mhasibu wa Mombasa na daktari wa Kampala nao wamebeba amana za watu. Serikali ina haki ya kuwalinda raia wake dhidi ya ugaidi, na mahakama zimelikubali hilo. Lakini mteja aliyefungua moyo wake katika ofisi ya wakili hakuulizwa iwapo maneno yake yavushwe mpaka. Tahadhari kabla ya hatari: asilolibeba msafiri, hakuna wa kumwamuru alifungue.