Mtoto Aliyezaliwa na Uume Uliopinda: Mambo ya Kujua Kabla ya Tohara na Kabla ya Kulipa

(Mazungumzo na wazazi na walezi)



Jambo tunalolizungumzia leo wengi hulionea haya, na haya hiyo ndiyo mtaji wa wauzaji wa tiba zisizo na faida. Wahenga walikwisha kusema: mficha uchi hazai.

Baadhi ya watoto wa kiume huzaliwa uume ukiwa umepinda, aghalabu kuelekea chini. Kasoro hii hutokea mimba ikiwa changa, pale ngozi na tishu za upande wa chini zinapokuwa fupi kuliko za upande wa juu. Si laana, wala si uzembe wa mama. Mara nyingi huambatana na tundu la mkojo kuwa chini ya uume badala ya kuwa kwenye ncha. Hali hiyo ya tundu humpata takriban mtoto mmoja kati ya watoto wa kiume 200 hadi 300.

Mzazi anapomwogesha mtoto aangalie dalili hizi: govi lililojaa upande wa juu pekee mfano wa kofia; mkojo unaotoka kuelekea chini au kando; na uume unaopinda mtoto anapoamka amebanwa na mkojo. Ikiwa pia korodani hazijashuka, mtoto afikishwe hospitali bila kukawia.

Hapa tunasisitiza jambo moja kuliko yote: mtoto mwenye dalili hizi asitahiriwe kabla ya kuonwa na daktari bingwa, awe wa upasuaji wa watoto au wa njia ya mkojo. Ngozi ya govi ndiyo akiba ambayo daktari huitumia kurekebisha uume na kutengeneza njia ya mkojo. Ikikatwa na kutupwa, hairudi, na upasuaji wa baadaye huwa mgumu zaidi. Tohara yenyewe haipotei. Kwa kawaida hukamilishwa katika upasuaji uleule. Basi wazee wa jando waelezwe mapema, nao wataelewa.

Si kila mtoto huhitaji upasuaji. Kupinda kidogo, ambako hakuzuii mkojo wala hakutazamiwi kuleta maumivu au kikwazo katika ndoa atakapokuwa mtu mzima, huweza kuachwa na kufuatiliwa tu. Panapohitajika, madaktari wengi hupendelea umri wa miezi 6 hadi 18. Mtoto hupewa dawa ya usingizi. Daktari huzilegeza tishu zinazovuta au hutia nyuzi upande ulio mrefu ili uume unyooke. Tundu likihitaji kurekebishwa, mtoto huweza kukaa na mpira wa mkojo kwa siku kadhaa. Upasuaji huu una hatari zake: kuvuja damu, maambukizi, uume kupinda tena, au mkojo kuvuja penye mshono.

Kabla ya kutia saini au kulipa, tunawashauri mwulize:

1. Je, mtoto wangu anahitaji upasuaji kweli, na akiachwa itakuwaje?
2. Nani atakayempasua, na ana uzoefu gani wa upasuaji huu kwa watoto?
3. Nani atakayempa dawa ya usingizi na kumwangalia hadi azinduke?
4. Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na dawa na marudio ya kliniki?
5. Ikihitajika kupasuliwa mara ya pili, nani atagharamia?

Dai risiti na maandishi ya matibabu. Ni haki yako. Wala usinunue mafuta, vidonge, mitishamba au kifaa cha kuvuta kwa ahadi ya kumnyoosha mtoto. Hakuna dawa ya kupaka wala ya kunywa inayorefusha tishu zilizozaliwa fupi; fedha hupotea, na ngozi changa huweza kuungua.

Mtoto hawezi kujisemea. Tumsemee sisi, mapema na mahali panapostahili.