Fundi Anapokuta Jinai Ndani ya Mashine

(Mazungumzo kwa mafundi wa simu na kompyuta)

Wahenga walisema, siri ya mtungi muulize kata. Katika zama hizi mtungi ni simu na kompyuta, na kata ni fundi. Mtu anayepeleka simu iliyopasuka kioo humwachia fundi namba yake ya siri, na pamoja nayo barua zake, picha za watoto wake, hesabu za duka lake na maneno aliyoambiana na mkewe. Hapana karani wala jirani anayeaminiwa kiasi hicho. Je, fundi huyo afanye nini siku atakapokuta humo, pasipo kutafuta, ushahidi wa uovu aliotendewa mtu mwingine?

Swali hili si la kubuni. Mwezi Novemba 1997 mwimbaji mashuhuri wa Uingereza, aliyejulikana kwa jina la Gary Glitter, alipeleka kompyuta yake kutengenezwa katika duka moja karibu na mji wa Bristol. Humo zikakutwa picha za watoto wakidhalilishwa, na polisi wakaarifiwa. Mwaka 1999 alikiri makosa 54 akafungwa miezi 4. Huenda wako waliodhani kuwa hayo ni mambo ya picha tu. Lakini mwaka 2006 mahakama ya Vietnam ilimfunga miaka 3 kwa kuwadhalilisha wasichana wawili wadogo, na mwaka 2015 mahakama ya London ikamhukumu miaka 16 kwa maovu aliyowatendea wasichana watatu kati ya mwaka 1975 na 1980. Waathirika hao walikuwa watu wenye miili na machozi. Lau fundi wa Bristol angefumba macho kwa kuogopa jina kubwa la mteja, mlango wa kwanza wa haki usingefunguliwa siku ile.

Hata hivyo, ziko habari nyingine ambazo hapana budi zisomwe sambamba na hizo. Huko Marekani, mwaka 2011, daktari mmoja wa California alipeleka kompyuta yake kwa kampuni kubwa ya ufundi. Katika sehemu ya mashine inayobaki na mabaki ya vitu vilivyokwisha kufutwa, fundi alikuta picha moja, na shirika la upelelezi la FBI likaarifiwa. Kesi ilipofika mahakamani ikabainika kwamba baadhi ya watumishi wa kampuni hiyo walikuwa wakipokea fedha kutoka kwa wapelelezi hao. Mwaka 2017 jaji aliutupa ushahidi uliopatikana nyumbani kwa daktari, kwa kuwa hati iliyoombewa kibali cha upekuzi ilikuwa na maelezo ya kupotosha. Mashitaka yakafutwa.

Tofauti ya habari hizi mbili ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Fundi anayekuta uovu akiwa katika kazi aliyotumwa ni shahidi. Fundi anayelipwa ili apekue ni mpelelezi asiye na kiapo, asiye na kibali na asiye na mkubwa wa kumwajibisha. Ujira ukishaingia, hakuna anayeweza kujua kama picha ilikutwa au ilitafutwa, na pengine hata kama haikupandikizwa. Mwenye hatia hupata upenyo wa kutokea, na asiye na hatia hukosa pa kukimbilia.

Wala upekuzi si jambo la nadra. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walitoa taarifa ya kompyuta walizozipeleka katika maduka 16 ya ufundi. Katika maduka 6 mafundi walipekua mambo ya faragha, na katika mawili kati ya hayo walinakili na kujiwekea. Yafaa ieleweke kwamba watu wa namna hiyo hawalindi mtoto yeyote. Wao wenyewe ni wezi.

Ndugu mafundi, mila za hapa nchini zilikwisha kulitatua fumbo hili kabla ya kompyuta kuzaliwa. Mwosha maiti huona aibu zote za mwili, na wajibu wake ni kuzifunika. Lakini akikuta jeraha la kisu, hilo si aibu ya marehemu. Ni dhuluma aliyofanyiwa, na mwosha anayelinyamazia anamsaidia muuaji. Vivyo hivyo kwa fundi. Mapenzi ya nje, madeni, maradhi na masengenyo ni aibu, na yafunikwe. Mtoto anayeharibiwa, au mtu anayepangiwa kuuawa, ni jeraha.

Sheria za Tanzania nazo zina pande hizo mbili. Katiba, katika ibara ya 16, inalinda faragha na mawasiliano ya mtu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mashine ya mtu bila haki. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya mwaka 1985 inamtaka anayejua kutendeka kwa jinai aitoe habari hiyo, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kuarifu haki ya mtoto inapovunjwa.

Basi fundi mwadilifu afungue kile tu ambacho kazi yake inadai. Akikuta jeraha, asimame hapo hapo. Asifute, asinakili, asimwonyeshe mwenzake wa meza ya pili. Kurusha picha hizo, hata kwa nia njema, ni kosa na ni kumdhalilisha mtoto mara ya pili. Aandike saa, tarehe na mahali alipoiona, kisha aende polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto. Asimtangaze mteja mtaani, kwa maana simu nyingi zimepita mikono mitatu au minne, na hukumu ni ya mahakama. Zaidi ya yote, asimwendee mteja kumdai fedha ya kunyamaza. Anayefanya hivyo amekwisha kuwa mshirika wa yule aliyemkuta.

Lakini haitoshi kuwahubiria mafundi. Fundi wa pembezoni mwa barabara anaogopa kuulizwa, "Nawe ulifuata nini humo?" Anaogopa kulala mahabusu huku meza yake ikiibwa. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ipo tangu mwaka 2015. Ni juu ya vituo vya polisi kumfanya fundi huyo aione kaunta ikiifuata. Akifika na habari ya kweli, apokewe kama shahidi, aandikwe maelezo, arudi kazini kwake jioni ile ile.

Fundi akijulikana kuwa hafunui aibu wala hafichi jeraha, mtu mwema atampa simu yake bila hofu. Atakayeogopa kumpa ni yule tu anayestahili kuogopa.