Majumba ya Sinema Yaliyotuponyoka na Vibanda Tulivyo Navyo
(Hotuba ya Afisa Utamaduni kwa wakazi wa kata)



Katika vikao vya vijiji limetolewa ombi la kuvifunga vibanda vyote vya video katani mwetu. Kabla ya kulijibu, naomba tukumbuke yaliyoyapata majumba ya sinema ya nchi yetu.

Wazee mnalikumbuka gari la sinema la serikali: kitambaa cheupe, jenereta likinguruma, na kijiji kizima kimeketi chini bila kulipa senti. Mijini yalikuwapo majumba yenyewe. Dar es Salaam ilikuwa na Empire, Avalon, Empress, Odeon na New Chox; Unguja ilikuwa na Majestic. Tiketi ziliuzwa kwa madaraja, na viti vya mbele vilikuwa vya bei ndogo, hivyo mchukuzi na karani waliweza kuitazama filamu moja ya Kihindi usiku mmoja. Mwaka 1966 ikafunguliwa Drive-In kule Msasani, nje kidogo ya katikati ya jiji, ambako watu walitazama wakiwa ndani ya magari.

Majumba hayo hayakuanguka kwa sababu watu walichoka kutazama. Mwaka 1968 iliundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, ikashika uingizaji na usambazaji wa filamu. Mwaka 1971 majengo mengi ya kupangisha yakataifishwa. Baada ya Vita vya Kagera fedha za kigeni zikawa adimu. Filamu mpya zikapungua, vipuri vya mitambo vikakosekana, na majengo yakachakaa. Mkanda wa video ulipoenea miaka ya 1980, uliyakuta majumba tayari yamedhoofu. Televisheni ikafuata Tanzania Bara mwaka 1994. Majumba mengi yalifungwa au yakapewa kazi nyingine. Palipokuwa na Drive-In leo pana Ubalozi wa Marekani.

Ndugu wananchi, mrithi wa majumba yale ni kibanda cha video. Humo, kwa bei ndogo, mtu asiye na televisheni hutazama mpira, filamu za nyumbani, au filamu ya kigeni iliyotiwa maelezo ya Kiswahili na watafsiri kama marehemu DJ Lufufu. Baada ya kuvuna alizeti, kijana wetu hana kwingine pa kuketi na wenzake jioni ila kilabuni.

Hata hivyo, malalamiko yenu ni ya haki. Wapo watoto wanaoingia saa za masomo. Zipo filamu zisizowafaa. Vipo vibanda vyenye mlango mmoja na nyaya zinazoning'inia. Maonyesho ya filamu yanasimamiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, na mwenye kibanda hana budi kuifuata.

Kwa hiyo napendekeza tusivifunge vyote. Kila mwenye kibanda afike ofisi ya kata aelekezwe namna ya kupata kibali. Aweke mlango wa pili. Asipokee mwanafunzi saa za masomo. Na abandike mlangoni orodha ya filamu za siku ili mzazi aisome. Atakayekataa, tutamfungia bila kumwonea haya. Nanyi wazazi, pitieni vibandani mjionee.