Bastola Iliyotumika: Kuinunua, Kuirekebisha na Kuitunzia Historia Yake

Mada ya semina, Kiyovu, Kigali



Leo alfajiri, kabla ya kuja ukumbini, nilipita kwa miguu hadi Camp Kigali. Wenyeji mnapajua. Zimesimama pale nguzo 10 za mawe, moja kwa kila askari wa Kibelgiji wa kulinda amani aliyeuawa tarehe 7 Aprili 1994, na kila nguzo imechanjwa mikato inayohesabu umri wa marehemu wake. Nyuma yake lipo jengo ambalo kuta zake zina matundu ya risasi hadi leo. Nilisimama mbele ya matundu hayo kwa muda mrefu. Mimi ni fundi wa silaha, na fundi akiona tundu la risasi hujiuliza kuhusu mtutu: ulikuwa wa silaha gani, iliingia nchini lini, nani aliiuza, nani aliipokea? Ukuta umetunza alama yake kwa zaidi ya miaka 30. Silaha zenyewe zilitawanyika, nyingine zikavuka mpaka.

Nimeombwa kuzungumzia ununuzi wa bastola iliyotumika na namna ya kuirekebisha iufae mkono wa mmiliki mpya. Nitafanya hivyo, na nitaeleza mambo ya kiufundi kwa kadiri yanavyomhusu mwenye kibali. Ila shabaha yangu ni kumbukumbu ya silaha, yaani rekodi ya mikono iliyoipitia, kwa sababu hapo ndipo tunapokosea katika ukanda wetu wote.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Bastola ninayoizungumzia, ambayo wenyeji wengi hapa huiita masotera, ni ile inayojipakia yenyewe. Ukivuta kifyatuo mara moja inatoka risasi moja. Nguvu ya mlipuko inarudisha slaidi nyuma, ganda tupu linatupwa nje, na slaidi ikirudi mbele inasukuma risasi nyingine kutoka kwenye magazini kuingia chemba. Mwili wake una sehemu kubwa tatu: fremu, ambayo ndiyo unayoishika, slaidi, inayokwenda mbele na nyuma, na mtutu. Naomba mzikumbuke hizi tatu, maana nitazirudia.

Chuma kizuri hakifi upesi. Mfano wangu ni bastola ambayo historia yake inagusa nchi hii kupitia Ubelgiji, iliyoitawala Rwanda mpaka 1962. John Browning, Mmarekani, alianza kuibuni miaka ya 1920, akafariki mwaka 1926 akiwa Ubelgiji, karibu na mji wa Liège, kabla haijakamilika. Mbelgiji Dieudonné Saive ndiye aliyeimalizia, na jeshi la Ubelgiji likaipokea mwaka 1935. Kiwanda cha FN kiliitengeneza kwa zaidi ya miaka 80. Magazini yake ilibeba risasi 13 wakati ambapo bastola nyingi za kijeshi zilibeba 7 au 8, na majeshi ya nchi zaidi ya 50 yaliitumia. Bastola ya aina hiyo iliyotoka kiwandani miaka ya 1950, ikiwa imetunzwa, inafyatua vizuri leo. Maana yake imeshapita mikono mitatu, minne, pengine kumi. Anayeinunua ananunua na yale yote ambayo mikono hiyo iliifanyia.

Na mikono hiyo huifanyia mengi. Bastola hii ya Browning ilitoka kiwandani na kinga moja ya pekee: ukitoa magazini, kifyatuo hakifanyi kazi. Lakini kinga hiyo inafanya kifyatuo kiwe kizito na chenye kukwaruza, kwa hiyo wapenda shabaha wengi waliiondoa. Ni kipande kidogo tu. Kikishatolewa, kwa nje huoni tofauti yoyote. Sasa fikiria mnunuzi wa tano, ambaye amesikia kwamba bastola ya aina hii haifyatui bila magazini. Anaiamini kinga ambayo imeshaondoka zamani. Marekebisho ambayo hayakuandikwa popote ni mtego aliotegewa mtu ambaye hata hajulikani.

Bastola nyingi za kisasa hazina kinga hiyo kabisa, Glock ikiwa mojawapo, na ndiyo maana ni kosa la hatari kudhani kwamba magazini ikitoka, silaha imekuwa tupu. Miaka kadhaa iliyopita mtu mmoja aliniletea bastola aliyoinunua kwa mwenzake, akitaka nimbadilishie vibao vya mpini kwa kuwa mkono wake ulikuwa mdogo. Magazini alikuwa ameshaitoa na kuitia mfukoni. Akaniambia, "Fundi, iko tupu." Nikaielekeza mahali salama, nikavuta slaidi. Risasi ikaruka, ikaanguka mezani na kuviringika hadi ukingoni. Alikuwa amesafiri nayo garini hivyo hivyo, mwanawe kiti cha nyuma. Sikumkemea, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amekaa chini akitetemeka. Aliyemuuzia hakumwonyesha namna ya kukagua chemba, na hakuna karatasi iliyomlazimisha kufanya hivyo.

Basi anayenunua bastola iliyotumika aanze na chemba. Toa magazini, vuta slaidi hadi nyuma, tazama kwa jicho, kisha ingiza kidole kuhakikisha. Ndipo yafuate mengine. Mtutu umulikwe kwa taa: ile mifereji inayozunguka ndani iwe na kingo zinazoonekana, kusiwe na kutu iliyochimba wala sehemu iliyovimba. Uvimbe kama pete ndani ya mtutu mara nyingi maana yake ni kwamba risasi moja ilikwama humo na nyingine ikaifuata. Mtutu huo hautengenezeki, uondolewe. Springi ya kurudisha slaidi na springi ya magazini huchoka kwa matumizi, na kuzibadilisha ni matengenezo ya kawaida. Bastola isiyotema maganda vizuri, mara nyingi ubovu uko kwenye springi, kwenye ndoano ya kuvutia ganda au kwenye magazini yenyewe. Ukiona ufa wowote kwenye slaidi au fremu, usiinunue hata ukipunguziwa nusu ya bei.

Kisha zisomwe namba. Kwa Glock, namba ya kiwandani iko mahali patatu: kwenye mtutu, kwenye slaidi na kwenye kibao cha chuma kilichopachikwa ndani ya fremu ya plastiki. Namba zikilingana, vipande vimekaa pamoja tangu kiwandani. Zisipolingana, si lazima pawe na uhalifu, lakini lazima pawe na maelezo yaliyoandikwa. Namba ikiwa imekwaruzwa, usiendelee na mazungumzo. Toa taarifa polisi.

Naingia kwenye marekebisho. Kuna yale nisiyoyapinga: vibao vya mpini, vifaa vya kulengea vinavyoonekana vizuri zaidi kwa macho ya mtu mzima, springi mpya. Kuna yale ninayoyaogopa, na la kwanza ni kulainisha kifyatuo. Mtu anataka kivutike kama siagi. Lakini uzito wa kifyatuo ni sehemu ya usalama: ndio unaotofautisha kidole kilichokusudia na kidole kilichoshtuka. Hata kiwanda chenye wahandisi wake huweza kukosea hapa. Mwezi Agosti 2017 kampuni ya SIG Sauer ilitangaza kuwafanyia marekebisho wamiliki wa bastola yake ya P320, baada ya majaribio kuonyesha kwamba ikianguka kwa pembe fulani inaweza kujifyatua. Dawa mojawapo ilikuwa kubadilisha kifyatuo chenyewe. Ikiwa wahandisi walipitiwa, fundi wa uchochoroni mwenye tupa na msasa atajuaje amekula chuma kiasi gani? Mimi hukataa kazi hiyo kwa bastola ya kujilinda, na nawaomba mafundi wenzangu waikatae.

La pili ni kubadilisha sehemu zile tatu. Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na nyepesi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004, Rwanda ikiwemo, inaagiza kila silaha ipigwe alama kiwandani: jina la mtengenezaji, nchi au mahali ilipotengenezwa na namba yake. Inataja na mahali pa kuipiga: kwenye mtutu, kwenye fremu na, kwa silaha yenye slaidi, kwenye slaidi. Silaha ikiingia nchini ipigwe tena alama ya nchi iliyoiingiza na mwaka. Ni agizo zuri. Kituo cha kanda cha silaha ndogo, RECSA, kilichopo Nairobi kimehangaika kusambaza mashine za kupigia alama katika nchi wanachama.

Lakini angalieni: mtutu, slaidi na hata fremu ndivyo vipande ambavyo soko la marekebisho linaviuza. Hiyo P320, iliyotoka 2014, imebuniwa makusudi ili mpini wa nje uvuliwe kama shati na kuvikwa mwingine. Kinachobeba namba ni kiini cha chuma kilicho ndani. Mtutu nao una jambo lake kubwa zaidi. Mifereji yake huchora mikwaruzo juu ya kila risasi inayopita, na mtaalamu wa maabara akiweka risasi mbili chini ya darubini ya kulinganishia anaweza kueleza kama zimetoka mtutu mmoja. Kigali hapa kuna taasisi ya uchunguzi wa kisayansi yenye utaalamu huo. Mmiliki mwema akibadilisha mtutu kwa nia safi bila kuandikisha, ushahidi wa kumtetea siku silaha yake itakapoibiwa umepotea. Na mtutu wa zamani uko wapi? Kwa kawaida uko kwenye droo, hauna mwenyewe.

Nataka kueleza kwa nini jambo la karatasi linanitia uchungu namna hii. Mwaka 1993 serikali ya Ushelisheli ilikamata meli iitwayo Malo, ikiwa na silaha zilizokuwa zikipelekwa Somalia. Silaha zikawekwa ghalani. Tarehe 17 Mei 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaiwekea Rwanda marufuku ya silaha, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakiwa yanaendelea. Mwezi uliofuata, tani kama 80 za zile silaha za ghalani zilisafirishwa kwa ndege hadi Goma, Zaire, mpakani na Rwanda, katika safari mbili. Hati zilisema mnunuzi ni Zaire. Aliyekwenda kufanya mpango alikuwa Kanali Théoneste Bagosora wa wizara ya ulinzi ya Rwanda. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa, iliyoundwa Septemba 1995, iliichunguza habari hii. Silaha zilezile: za Somalia kwa kukusudiwa, za Ushelisheli kwa kukamatwa, za Zaire kwa karatasi, za wauaji kwa kweli. Zile hazikuwa bastola, najua. Lakini bastola moja inayouzwa kwa kupeana mkono hupita njia hiyohiyo: kila inapobadilisha mwenyewe, karatasi husema jambo moja na mkono ulioishika husema lingine.

Tumejitahidi, lakini kwa upande mmoja. Rwanda ina sheria yake ya silaha, Na. 56/2018, na kumiliki bila kibali ni kosa. Tanzania ina sheria yake ya 2015, na mwaka 2016 iliendesha uhakiki wa silaha za raia nchi nzima. Kenya, Desemba 2018, iliwapa wamiliki wote siku 90 kuhakikiwa upya. Ombi la kibali nchini Tanzania hupitia serikali ya mtaa na kamati za ulinzi na usalama. Mtu anachunguzwa tabia, akili, shughuli zake, majirani zake. Ni sawa kabisa. Lakini bastola anayokwenda kuinunua imekaguliwa na nani? Hapa Kigali huwezi kuendesha gari la mtumba bila kulipeleka kwenye kituo cha ukaguzi cha polisi wakalitazama breki, taa na moshi. Na gari lina hati yake ya usajili. Gari linakaguliwa kwa sababu likiwa bovu linaua. Sababu hiyo inatosha na zaidi kwa bastola.

Ombi langu kwa semina hii ni kwamba kila bastola ya raia iwe na kitabu chake, tofauti na kibali cha mmiliki. Kibali humfuata mtu. Kitabu kiifuate silaha tangu siku ilipoingia nchini hadi siku itakapoyeyushwa. Kiandikwe kila mauzo, kila springi, kila kinga iliyoondolewa, kila mtutu mpya pamoja na risasi mbili za majaribio zitakazobaki maabara. Mtutu wa zamani ukabidhiwe polisi. Fundi atakayegusa sehemu yoyote kati ya zile tatu aweke jina na saini yake. Mauzo yakamilike mbele ya ofisa, chemba ikiwa wazi na mnunuzi ameitazama mwenyewe.

Mafundi tuanze sisi, bila kusubiri kanuni. Daftari la kurasa 200 linapatikana duka lolote la vifaa vya ofisi hapa mjini. Mwenyekiti, mimi nimeshaanza la kwangu, na nimekuja nalo. Limo ndani ya mkoba huu. Baada ya chai nitaliweka pale mezani, na anayetaka kuiga safu zake karibu anakili.