Sungusungu wa Mapafu

Msikilizaji wa Kemambo, hasa wewe unayeshuka duarani au kukaa karibu na karasha pale Nyamongo, leo tuzungumzie vumbi na kifua chako.

Pua na koo hunasa vumbi kubwa kwa ute na vinyweleo vidogo, ndiyo maana jioni unatema makohozi meusi. Lakini vumbi laini la mwamba wa dhahabu lina silika, nalo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Huko wapo sungusungu wa mwili: seli za ulinzi zinazozunguka usiku na mchana, zikimeza kila kisichotakiwa. Zikimeza bakteria wa kawaida, humsaga akaisha. Zikimeza silika, haisagiki. Seli inakufa, vumbi linamwagika, nyingine inalimeza, nayo inakufa. Mapafu yanabaki na makovu.

Sasa fikiria vijidudu vya kifua kikuu vikiingia humo. Kwa watu wengi kinga huvizingira, vikalala miaka mingi bila kuleta ugonjwa. Sungusungu wakishachoka kwa silika, uzio huo huvunjika kwa urahisi. Virusi vya UKIMWI hufanya hatari iwe kubwa zaidi.

Nawaomba sana, ndugu zangu: mwagieni mwamba maji kabla ya kuponda. Kitambaa mdomoni hakizuii vumbi hili. Ukikohoa wiki mbili, nenda kituo cha afya. Vipimo na dawa za kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure.