Simu ya Tawi na Sanduku la Sauti: Tulikosea Wapi na Tumetengeneza Nini

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya kamati ya tawi, siku ya Jumapili, mbele ya wanachama wa mitaa ya Eastlands, Nairobi. Yachapwa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu.)



Twawasalimu nyote mliotoka Makongeni, Kaloleni, Shauri Moyo, Bahati, Jericho, Mbotela na mitaa mingine ya upande huu wa mji. Twajua kwamba kwa wengi wenu Jumapili ndiyo siku pekee ya kufua nguo na kukaa na watoto, kwa hiyo hatutawaweka sana. Jambo letu leo ni moja, nalo ni simu ya ofisi ya tawi. Mmoja wenu alisema kwamba simu ya chama ni kama kisima kilichokauka: unatupa ndoo, unasikia mlio, lakini maji hakuna. Hatukukasirika kwa maneno hayo, maana yalikuwa kweli. Leo tumekuja kuwaeleza kosa lilikuwa wapi na limetengenezwa namna gani.

Wazee wetu wa Eastlands walijua thamani ya ujumbe unaofika. Tarehe 23 Aprili 1950 ulifanyika mkutano mkubwa katika Jumba la Kaloleni, na tarehe 15 Mei mwaka huohuo Makhan Singh na Fred Kubai walikamatwa. Kesho yake mgomo wa Nairobi ukaanza. Siku hizo wafanyakazi wenye simu majumbani walikuwa wachache mno, na habari zilikwenda kwa mdomo na kwa miguu. Hata hivyo zilifika. Sisi tuna simu katika kila mfuko, na juu ya hayo ofisi yetu ina swichibodi na mtambo wa kupokea sauti. Lakini ujumbe wa mwenzetu mmoja haukufika. Hilo ndilo lililotuumiza.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwezi wa Februari 2023 tulibadilisha vyumba vya ofisi. Katibu mratibu alitoka chumba chenye simu ya ndani 204, akaingia chumba chenye simu 207, na kile chumba cha zamani kikawa stoo. Ili asipoteze kisanduku chake cha sauti, mtambo uliambiwa hivi: simu inayotafuta 207 isipojibiwa, ujumbe wake uwekwe katika kisanduku 204. Kazi ikaonekana imekwisha.

Alhamisi moja ya mwezi wa Machi, saa kumi na mbili na robo jioni, mwenzetu wa kiwanda kimoja alipiga simu. Jioni hiyo alikuwa amepewa barua ya kufika mbele ya wakubwa kesho yake, saa mbili asubuhi, ajieleze. Mjumbe wetu wa kiwandani alikuwa likizoni, naye akaomba tumtafutie naibu wake wa kusimama naye. Alisema kwa sauti ya utulivu, akataja jina lake, idara yake na namba yake. Mtambo ukapokea kila neno, kisha ukawasha taa ya kumwambia mwenye kisanduku kwamba ana ujumbe. Ila taa iliyowashwa ilikuwa ya simu 204. Iliwaka ndani ya stoo, mlango umefungwa kwa kufuli.

Siku ya tisa karani aliingia stoo kutafuta karatasi za kuchapia jarida hili hili, akaona taa nyekundu inamkonyeza gizani. Tukakuta jumbe kumi na moja. Mwenzetu alikuwa amekwisha kwenda mkutanoni peke yake, na amekwisha kufukuzwa.

Ndugu, mnajua sheria inavyosema. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa kosa au kwa udhaifu wa kazi yake, amweleze sababu katika lugha anayoielewa na asikilize majibu yake. Tena mfanyakazi ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake, au mjumbe wa chama wa mahali pa kazi, amchaguaye mwenyewe. Haki hiyo haina maana kama mjumbe hakupata habari. Kwa bahati kifungu cha 47 kilimruhusu kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi katika muda wa miezi mitatu, nasi tulimshika mkono tukaenda naye. Mwishowe alilipwa, lakini kazi hakurudishiwa. Hatuwezi kusema kwamba naibu angeiokoa kazi ile. Twasema tu kwamba alistahili kuwa na mtu pembeni yake, na mtu huyo alikosekana kwa sababu yetu.

Wengine walisema fundi ndiye mwenye kosa, na wengine walisema mtambo mbovu. Tulichunguza. Mtambo ulitii kila ulichoambiwa, na fundi alifanya alichoagizwa. Kosa ni la kamati, maana hakuna mmoja wetu aliyepiga simu baada ya kazi ile kuona ujumbe utafika wapi.

Sasa twawaeleza jinsi vyombo hivi viwili vinavyofanya kazi, ili msidanganywe na mtu. Ifikirieni swichibodi kama askari wa mlangoni, na mtambo wa sauti kama karani aliyeko chumba cha nyuma. Mgeni akija, askari humpeleka kwa mwenyeji wake. Mwenyeji asipokuwapo, askari humpeleka kwa karani aandikishe haja yake. Lakini ni lazima askari amwambie karani: huyu alikuwa anamtaka nani? Asiposema, karani atamuuliza mgeni, taja namba ya kisanduku unachotaka. Mgeni aliyesimama gizani kituo cha matatu na shilingi chache za simu hajui namba hiyo, naye atakata. Kwa hiyo vyombo hivi vinahitaji kuelewana kwa maneno matatu.

Neno la kwanza ni: nani anatafutwa, na kwa nini simu imekuja. Kila simu ya ndani huwekwa katika swichibodi amri ya kuhamisha simu mwenyewe asipojibu au akiwa anaongea. Sisi tumeweka mlio wa nne. Ukiweka milio miwili, mtu aliyeko meza ya pili hawahi kuinuka, na ukiweka minane, mpigaji atachoka. Simu huhamia namba moja ya kundi, ambayo nyuma yake kuna njia mbili za kuingia mtamboni. Hapo swichibodi hutuma sauti za vitufe, zile zile usikiazo ubonyezapo namba. Sauti za kwanza husema sababu, na zinazofuata husema namba ya simu iliyotafutwa. Mtambo lazima ufundishwe kuzisoma katika mpango ule ule. Tarakimu moja ikizidi au ikipungua, ujumbe huingia kwa jirani.

Neno la pili ni taa. Mtambo ukishapokea ujumbe, hupiga namba fulani ya amri kwa swichibodi, kusema, washa taa ya simu fulani. Ujumbe ukishasikilizwa, hupiga namba nyingine ya kuizima. Ni lazima zote mbili zijaribiwe. Taa isiyowaka ni hatari, na taa isiyozimika ni hatari vilevile, maana watu huizoea wakaacha kuitazama. Sisi tulipatwa na hatari ya tatu, ya taa kuwaka mahali pasipo mtu.

Neno la tatu ni: amekwisha kwenda. Katika swichibodi za zamani kama yetu, mpigaji anapokata simu, mtambo haupati habari kila mara. Huendelea kurekodi mlio wa laini, tii, tii, tii, na njia ile hubaki imeshikwa. Sisi tuna njia mbili tu, hivyo wawili wakikata namna hiyo, wa tatu hapati kuingia. Kwa hiyo tumeufundisha mtambo kuutambua mlio ule, kufunga njia usikiapo kimya cha muda, na kutopokea ujumbe wa zaidi ya dakika tatu.

Mtambo mpya haufuti maneno haya matatu. Siku hizi ofisi nyingi hutumia simu zinazopita katika waya za kompyuta, na kuna programu isiyouzwa iitwayo Asterisk, iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999, ambayo ni swichibodi na sanduku la sauti pamoja. Twataka kuijaribu tukipata fedha. Lakini hata huko lazima mtu aandike kisanduku kipi ni cha nani, na taa ya simu ipi iwake. Mtu akikosea hapo, stoo itawaka taa tena.

Haya ndiyo tuliyotengeneza. Kwanza, namba ya simu na namba ya kisanduku ni moja kwa kila ofisa, na orodha imebandikwa ukutani. Mtu akihama chumba, huhama na namba yake. Pili, umeme ukikatika, swichibodi huamka kabla ya mtambo, ikawa yapeleka watu kwa karani aliyelala. Tumenunua betri ya kuushikilia mtambo. Tatu, saa ya mtambo hulinganishwa kila Jumatatu, maana saa iliyo katika ujumbe yaweza kuwa ushahidi siku ya shauri. Nne, namba za siri zilizotoka kiwandani zimefutwa zote. Hakuna 1234, wala namba ya siri inayofanana na namba ya simu. Tena tumeufunga mtambo usiweze kupiga simu za nje, maana kuna wezi wanaoingia katika visanduku vya watu na kupiga simu nchi za mbali, na hesabu ikamjia mwenye laini.

Tano, siri zenu. Mtu anapotueleza habari za ugonjwa wake, mshahara wake au mkubwa anayemsumbua, hayo si ya kusikilizwa kwa sauti kubwa mbele ya wageni. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yatuhusu sisi pia, wala si makampuni makubwa peke yake. Wanaoruhusiwa kusikiliza ni wawili tu, na ujumbe ukishashughulikiwa na haja yake kwisha, hufutwa.

Na la mwisho, ambalo ndilo kubwa kuliko yote: mtambo husikia, lakini mtu ndiye ajibuye. Kila siku ya kazi, saa mbili asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni, ofisa wa zamu husikiliza kila kisanduku, taa iwe inawaka au haiwaki, kisha huandika kitabuni: nani alipiga, anataka nini, nani amejibu, saa ngapi. Kwa ujumbe wa usiku, zamu moja imewekwa saa moja kasorobo asubuhi, kwa kuwa mikutano ya kuwaita wafanyakazi hupenda kuanza saa mbili. Kila Ijumaa mjumbe wa kamati hupiga kutoka nje, huacha ujumbe, kisha huja ofisini kutazama taa ipi imewaka na kitabu kimeandikwa nini. Mwanachama yeyote anaweza kuomba kuona kama jaribio hilo limefanyika.

Mmoja ameuliza kwa nini tusitupe swichibodi na kutumia simu za mkononi tu. Ni swali zuri. Simu ya mkononi ni ya mtu. Akishindwa katika uchaguzi wa chama, au akihama mji, au akiiangusha Gikomba, namba yaondoka pamoja naye. Namba ya tawi imeandikwa katika kadi zenu, nayo yapaswa kubaki ile ile hata sisi tukiondoka wote. Lakini tumekubali nusu ya shauri lake: ujumbe ukikaa saa moja bila kusikilizwa, mtambo sasa humpigia ofisa wa zamu katika simu yake ya mkononi. Namba hiyo ya zamu ndiyo pekee tuliyouruhusu mtambo kuipigia nje.

Nanyi tusaidieni. Mkisikia salamu yetu, ambayo sasa ni ya Kiswahili na fupi, ngojeni mlio, kisha semeni mambo manne: jina lako, mahali pa kazi, namba ya kukupata, na siku na saa ya jambo lenyewe. Kama umepewa barua, soma tarehe iliyo juu yake. Usikate kwa kuona haya kuzungumza na mashine. Na usipojibiwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku ya kazi inayofuata, njoo ofisini utushtaki mbele ya kamati. Jambo likiwa la asubuhi ileile, piga tena alfajiri.

Mwenzetu yule yuko hapa leo, amekaa katikati yenu. Alituambia maneno machache tu: kwamba alipokuwa mbele ya wakubwa wale, kila mlango ulipofunguliwa aligeuka kutazama kama ni mtu wa chama. Mlango ulifunguliwa mara mbili. Mara zote mbili alikuwa mleta chai.

Ndugu, hatutaki mwanachama mwingine ageuke bure. Ofisa wa zamu wa kesho ametajwa ubaoni. Mpigieni simu mwone.

Umoja ni nguvu.